Kucha Nyekundu Ndani ya Gita

—Jibril, mkono wako wa kulia una nini?

—Hauna kitu, Ramlah.

—Basi utoe mfukoni.

Jibril akacheka kicheko kikavu, akaendelea kula wali kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, ukweni Nalufenya, Jinja! Mama yake Ramlah akajifanya anatafuta chumvi.

Moyo wa Ramlah haukutulia. Harusi ilikuwa imekaribia, na kila wiki bwana harusi anakimbilia Mbale na gita lake la nyuzi kumi, eti anatafuta sauti ya chini kabisa. Sauti gani hiyo isiyopatikana Jinja? Jibril alipotoka kunawa, Ramlah akalitikisa lile gita. Kacha-kacha! Ikadondoka kucha ya kubandika, ndefu, nyekundu.

Kesho yake simu ya Ramlah ikalia, ujumbe wa Jibril: “Nimefika Mbale. Naanza mazoezi. Nakupenda.”

Akajibu: “Na mimi.”

Alikuwa stendi ya Mbale tayari, pete ya uchumba kaifunga kwenye leso.

—Unamjua mtu wa gita kubwa? akamuuliza wa boda.

—Yule wa saluni ya Beldina, Namakwekwe? Dada, akipiga yule, kuku wanaacha kutaga!

Saluni! Akaingia bila hodi. Jibril amekaa, mkono wa kulia uko mapajani kwa mwanamke mnene, vidole vinapapaswa.

—Kumbe haya ndiyo mazoezi!

—Ramlah! Wallahi, ngoja...

—Shika pete yako. Mvishe huyu, vidole mmeshazoeana.

—Mimi? Beldina akaangua kicheko. Mume wangu anaendesha lori la Mombasa, mkono wake mmoja ni sawa na huyu mzima. Huyu ni mteja!

—Mteja wa kucha nyekundu?

Jibril akainua mkono polepole. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyekundu, inang'aa kama ya biharusi.

—Ukishusha sauti unafunga nyuzi nene. Zimekula kucha zangu zote. Nyekundu ndizo ngumu, na ukivuta kwa mkono gundi haitoki bila dawa ya Beldina. Ningeutoa mkono huu mbele ya mama yako?

—Maneno tu. Piga.

Akalegeza uzi wa mwisho mpaka ukakaribia kulala, akaupiga kwa gumba. Lo! Sauti haikupita masikioni, ilipanda kupitia miguu ya kiti. Vioo vikatetemeka, mabati yakaguna, na mlima Wanale, wenyeji wanaapa, ukakohoa. Pwa! Kucha ikaruka, ikatua kwenye chai ya Beldina.

—Tena! Beldina akalalamika. Kila akija ananinywesha kucha!

Ramlah akatoa ile ya jana, akailinganisha na iliyo kwenye chai. Ndugu wa tumbo moja.

—Na chini hivyo ya nini, Jibril?

—Siku ya kwanza ulisema gita langu linalia kama mbu.

Ramlah alikuwa amesahau. Mwenzake hakusahau hata siku moja. Akamtazama Beldina mara ya mwisho, juu mpaka chini, ndipo akaivaa pete yake mwenyewe na kuandika:

“Mama, harusi ipo. Pika pilau. Leo atakula kwa mkono wa kulia, na wewe usicheke.”