Debe la Maji ya Dawa

"Hivi Kezia, mawingu nayo yana sura mpaka yapigwe picha?"

Swali hilo aliliuliza Agustina, jirani yake Kezia, asubuhi moja ya Oktoba 1956 pale Ikoma, akiwa ameegemea ua na kucheka. Kezia alijua tu kwamba Tamimu, mpiga picha wa Tarime, alitaka mtu anayeijua mbuga, na yeye alikuwa ameizunguka miaka mingi na marehemu mume wake wakirina asali. Akajifunga kanga, akamwomba Mungu, akapanda lori.

Siku ya tatu ndipo alipoelewa.

Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa mashariki, mlima juu ya mlima, juu meupe kama pamba iliyochambuliwa, chini meusi kama tako la chungu. Mvua ilishuka kutoka matumboni mwake nyuzi nyuzi, ikafika katikati ya anga na kukaukia hapo hapo. Haikugusa ardhi. Ilining'inia tu, pana kuliko nchi, na jua likapenya kwa nyuma likaigeuza rangi ya shaba. Kezia alijikuta ameshika kifua. Aliyeiumba ile hakuhitaji mtu wa kumsifu, lakini alimsifu.

Tamimu alikuwa amefunika kichwa kwa kitambaa cheusi nyuma ya kamera yake ya miguu mitatu. Mbele ya lenzi alikuwa ameweka kioo cha njano.

"Bila hiki, mama, anga lote linatoka jeupe kama shuka," alisema. "Mawingu huyaoni ng'o."

Kezia akaenda kwenye lori kutafuta maji ya kusuuzia sufuria. Palikuwa na madebe mawili. Alipogusa la pili, Tamimu alichomoa kichwa kwenye kitambaa.

"Hilo hapana! Maji ya dawa hayo, asiguse mtu!"

Kezia aliurudisha mkono kama aliyeungua. Alikuwa Mkurya wa Tarime aliyeolewa Ikoma, na kwao maji ya dawa ni ya josho la ng'ombe. Mwaka juzi mtamba wake aliyalamba kidogo tu, akaanguka kabla hajafika zizini.

Radi ikapiga. Haikuja na tone la mvua, ilikuja na moto. Majani makavu yaliwaka mara moja, na upepo ukausukuma moto huo kuelekea kwao.

"Pandeni! Pandeni!" alipiga kelele Method, dereva.

Lori liliruka vichuguu, moshi umeziba kila kitu.

"We mura, kijana, tazama mbele!" alisema Kezia.

"Mbele iko wapi, mama?"

Mbele ilikuwa korongo. Lori liliingia kwa kichwa, likalia kama ng'ombe anayechinjwa, likanyamaza. Moto ulifika ukingoni, ukakosa majani ya kula kwenye mchanga, ukapita.

Method alitoka na michubuko. Kezia alitoka akichechemea. Tamimu walimvuta: paja limevunjika, kichwa kimepasuka, macho wazi lakini hayaoni. Debe la maji ya kunywa lilikuwa limebanwa likawa bapa kama chapati. Lile la dawa lilikuwa zima, ila likichuruzika kidogo kwenye mshono.

Walimfunga paja kwa vipande vya mbao na kanga. Kibuyu kilikuwa na maji nusu.

"Ikoma ni mwendo wa siku nzima na zaidi," alisema Method.

"Kunywa mafunda matatu. Usiku ukikukuta panda mti. Jua likichomoza liwe begani kulia."

Method akaenda. Kezia akamburuta Tamimu hadi kivulini, akakaa.

Hadi kesho yake asubuhi kibuyu kilikuwa kimekwisha. Tamimu alichemka kwa homa, midomo ikapasuka, ulimi ukajaa kinywani. Kidole kilinyooka kuelekea lile debe.

"Ma... dawa... maji..."

"Hapana, mwanangu. Hayo ya josho yatakuua. Vumilia."

"Maji..."

"Vumilia."

Juu yao anga lilijipanga upya, kubwa kuliko jana. Mvua ilining'inia tena, karibu kiasi kwamba Kezia aliisikia harufu yake. Hakulia. Machozi nayo ni maji. Alisema tu, "Bwana, unaiona hii," kisha akaendelea kutazama, maana kutazama ndiyo kazi iliyobaki.

Ndipo alipowaona nyuki.

Walikuwa wakitua kwenye mshono wa debe, wakinyonya unyevu, wakiruka. Kwenye josho nzi huelea wamekufa kama makapi. Hawa walikwenda na kurudi. Mmoja alikuwa na bawa lililochanika. Kezia akamfuata kwa macho: alikunywa, akaenda, akarudi, akanywa tena. Mara nne.

Alimtazama Tamimu. Pumzi ilikuwa inakwaruza. Akafungua kifuniko, akanusa. Hayakuwa na harufu ya kitu. Akafanya ishara ya msalaba, akanywa funda moja.

Akaketi akiwa amechomeka kijiti mchangani, akingoja kivuli chake kisogee upana wa viganja viwili. Tumbo halikukata. Macho hayakuona giza. Maji yalikuwa matamu, yana ladha ya bati la paa.

Akalowesha ncha ya kanga, akakamulia midomoni mwa Tamimu. Tone, tone, tone. Koo likameza.

"Bismillahi," alinong'ona Tamimu, na Kezia akasema, "Amina."

Method alifika jioni ya siku iliyofuata na wanaume sita wa Ikoma na machela.

Miezi miwili baadaye Kezia alikwenda kumjulia hali nyumbani kwake Turwa, pale Tarime. Tamimu alikuwa amekaa, gongo pembeni.

"Shikamoo, mama. Wewe mwanamke ulitaka kuniua kwa neno!"

"Si ulisema maji ya dawa?"

"Ya kuchanganyia dawa! Dawa ya kusafishia picha! Maji ya mvua tupu, niliyakinga kwenye bomba la paa langu hili hapa!"

Walicheka mpaka gongo likaanguka. Kisha akampa picha, ile pekee iliyonusurika kwenye ajali. Kezia aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini ilikuwa ile ile: mlima juu ya mlima, na mvua imening'inia isifike chini. Aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Nilikuwa nasikia," Tamimu alisema polepole. "Nakuomba, unaniambia vumilia. Ulimi umekataa kueleza."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshasamehe. Nilisikia pia ulipokunywa kwanza wewe, ukangoja. Mimi nilikuwa maiti tayari, mama. Kwa nini hukuyajaribia kwangu?"

Kezia alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini mama huonja chakula kabla ya kumlisha. Akaifunga picha ndani ya kanga, akaliokota gongo akaliegemeza karibu na mkono wa Tamimu, akatoka.