Ukurasa wa Sitini na Moja

Siku wanafunzi waliporudi chuoni, duka la chapa lililo mkabala na lango kuu lilifurika. Printa tatu zililia kwa pamoja, feni ikazungusha joto lile lile, na watu walibanana hadi mlangoni, kila mmoja akijiona ana haraka kuliko mwenzake. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na moja, gauni la bluu lililonyooshwa kwa pasi, viatu bapa, nywele amezifunga nyuma kama mtu asiyetaka kusumbuliwa. Alikuwa mhadhiri msaidizi wa hesabu. Kifuani alikumbatia bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka sita.

"Dada, yote hii umeandika kwa mkono?" aliuliza mpiga chapa, mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi viwikoni.

"Yote. Nikiona skrini akili inagoma. Nakuomba usibadilishe hata alama moja. Najua hutaelewa, wewe andika tu unavyoona."

Yule bwana alifunua kurasa mbili tatu, akaweka kidole.

"Sawa. Ila hapa umejumlisha juu ya kundi zima kutafuta wastani, halafu umesahau kugawanya kwa idadi ya viungo vyake."

Mwanamke akainama. Kweli, alisahau.

"Huyo ndiye Profesa wetu!" mtu alipaza sauti kwenye foleni, na watu wakacheka. Mwanamke naye akacheka, huku masikio yakimwaka kwa aibu.

Profesa lilikuwa jina la utani tu la yule mpiga chapa. Alisoma hesabu mpaka mwaka wa tatu, mama yake akapigwa na kiharusi, akaacha. Dada yake ameolewa mbali, na mgonjwa anahitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache. Kwa hiyo akawa anapiga chapa tasnifu za wenzake.

Ikawa kila mchana mwanamke anapita dukani kusahihisha kurasa, na kila mchana kurasa zinachukua muda mrefu zaidi. Walikula mkate kwenye benchi la nyuma, kati ya maboksi ya karatasi.

"Nieleze kama unavyowaeleza watu wa nyumbani," Profesa alimwambia siku moja.

"Nyumbani hawaulizi. Haya. Chukua tufe, lizungushe vyovyote utakavyo. Mizunguko yote hiyo ni kundi. Lenyewe hulioni, kwa hiyo unalipatia uwakilishi: unalipatia nafasi ya kufanyia kazi, ulione linavyosogeza vitu. Kisha unaigawa nafasi hiyo vipande vipande, mpaka ufikie vipande visivyogawanyika tena."

"Na wewe ni kipande cha aina gani?"

"Kisichogawanyika. Kula mkate wako."

Jioni simu zilifuata.

"Daktari mtarajiwa, umekula?"

"Bado. Mama anaendeleaje?"

"Leo amecheka. Nimemwambia kuna mtoto wa hesabu amenishika akili. Anataka akuone."

"Nikishamaliza utetezi wa tasnifu, nitakuja. Nakuahidi, mpenzi."

Neno lile lilimtoka lenyewe. Upande wa pili akasikia pumzi ya mtu anayetabasamu.

Siku tano kabla ya utetezi wa tasnifu, Profesa alimpigia mchana kweupe, sauti imekauka.

"Ukurasa wa sitini na moja, sura ya nne. Uko karibu nao?"

"Nini tena, nimesahau kugawanya?"

"Hapana. Sura ya pili makundi yana kikomo, unachukua wastani, sawa. Sura ya tatu yana viungo visivyohesabika, lakini yamejifunga kama mizunguko ya tufe, wastani bado upo. Kwenye nne kundi linakwenda mbele tu, halijifungi. Wastani haupo, mpenzi. Unaweza kupata mstari unaobaki mahali pake, na ukakosa kabisa wa pili wa kukaa nao. Nafasi haigawanyiki unavyosema. Na sura ya tano, ile ya aljebra za Lie, yote imekalia hapo."

Nakala ilikuwa mezani kwa mwanamke. Angeweza kufungua ukurasa ule. Badala yake akasema:

"Wewe uliishia mwaka wa tatu. Msimamizi wangu amesoma, watu wazima wamesoma. Kazi yako ni kupiga chapa."

"Ni kweli," alijibu Profesa polepole. "Kazi yangu ni hiyo."

Siku ya utetezi alivaa suti ya kijivu. Mtahini wa nje, mzee mwenye sauti ya upole, alifungua ukurasa wa sitini na moja, akaenda ubaoni na kuandika mfano ule ule: mstari mmoja unaobaki, wa pili haupatikani. Maneno yalikuwa karibu yale yale. Mwanamke alisimama na chaki mkononi mpaka ikamkatikia. Tasnifu ikarudishwa.

Alitoka akiwa na jambo moja tu kichwani, akampigia Profesa.

"Ulimwambia mtahini! Ulikuwa na anwani zao zote kwenye fomu za utetezi ulizonichapia. Ulitaka nijue wewe ni nani, sivyo?"

"Sikumwambia mtu yeyote."

"Basi usinipigie tena."

Akakata. Wiki ile Profesa alipiga mara saba, mara tatu kwa siku moja. Kila mara aliitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikanyamaza. Anaomba msamaha, alijisemea. Acha aombe.

Ilipita karibu mwezi ndipo msimamizi alipomwita ofisini wapange marekebisho.

"Yule mtahini alifanya vibaya kunionea kwa mfano wa kuazima," mwanamke alilalamika.

"Kuazima kwa nani? Ule ni mfano wa kwanza kabisa. Kila anayefundisha somo hili anaanza nao. Mimi ndiye wa kulaumiwa, sikuisoma sura ya nne kwa makini. Nisamehe."

Hakungoja chai. Dukani kwenye kiti cha Profesa alikuta mtu mwingine.

"Hukusikia? Alifiwa na mama yake. Wiki ya tatu sasa."

Alihesabu siku pale pale mlangoni. Zile simu saba.

Alielekezwa nyumbani kwa Profesa: vyumba viwili, madirisha wazi, harufu ya dawa bado imo ukutani. Dada yake Profesa, mjamzito wa miezi minane, alifungua.

"Wewe ndiye mtoto wa hesabu? Pita, wifi."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Profesa alikuwa chumbani, amekonda, anakunja mashuka.

"Pole," alisema mwanamke. "Sikujua. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

"Ulipiga siku ile aliyofariki?"

"Siku mbili kabla. Mama alikuwa anakuulizia. Nilitaka asikie japo sauti yako."

Akalia amesimama, bila kujifuta. Profesa hakumsogelea, wala hakumfukuza.

"Nioe," mwanamke alisema baadaye. "Leo, kesho, popote. Nakupenda."

"Najua unanipenda. Lakini nikikubali leo, nitakuwa nimekubali kwa sababu nyumba hii iko kimya. Kesho naondoka na dada yangu. Sikuchukii. Nimechoka tu."

"Utarudi?"

"Sijui. Nishikie kitanda hiki cha mama, jirani amekiomba. Dada hawezi kubeba."

Wakakishika huku na huku. Mlangoni kilikwama. Wakakirudisha nyuma, wakakilaza ubavu, wakakigeuza tena mpaka miguu ikapita, kila mmoja akisema "taratibu, taratibu" upande wake. Walikibeba uani mpaka kwa jirani, wakakiweka chini. Mikono yao ilikuwa na vumbi.

"Asante," alisema Profesa. "Nenda sasa. Mvua inakuja."

Aliondoka. Kwenye kona ya mtaa mvua ilimkuta, naye hakuongeza mwendo.