Lewa Anabomoa Paa Lake

Kwaruu, kwaruu. Kisu kilikuwa kikikata kamba za makuti. Alfajiri ilikuwa bado. Nyamvula alitoka nje, akamwona mumewe, Lewa, juu ya paa la nyumba yao hapa Magogoni.

"Baba Kache, wafanya nini?"

"Nabomoa. Ardhi ni ya Mzee Mbwana, lakini nyumba ni yangu. Nitaibeba yote, miti na milango, niende nayo Rabai. Nione atauza nini!"

Walikuwa wamerudi jana tu. Miezi saba walikuwa Rabai, wakimuuguza mama yake Lewa. Walikuta karatasi imepigiliwa mlangoni. Hawakujua kusoma. Wapita njia waliwaambia kuwa nyumba itauzwa.

Nyamvula alikimbia kwa jirani yao Kefa, karani wa korti. Kefa alikuja hata chai hajanywa.

"Shuka, kaka. Ukiibomoa, umesema mwenyewe kwamba umeihama."

"Wewe mtu wa bara, wajua nini kuhusu nyumba za pwani?"

"Nyumba sizijui. Karatasi naijua." Akaisoma polepole. "Mzee Mbwana anasema hulipi kodi ya kiwanja, na nyumba umeitupa. Anaomba ruhusa ya kuiuza. Anaomba tu, bado hajapewa. Korti inataka kukusikiliza kwanza. Siku yako ni Jumatatu. Usipofika, huenda akaruhusiwa. Nenda, na uende na shahidi."

Lewa alishuka. Kefa akamshikia ngazi.

Shahidi alikuwa jirani mwingine, Bi Dhahabu. Miezi yote saba alifagia uwanja wao bila kuombwa. Jumatatu alisimama mbele ya hakimu.

"Hawakuhama, bwana. Vyungu vyao vimo ndani. Ufunguo waliniachia mimi."

Hakimu alikataa nyumba kuuzwa. Alimpa Lewa miezi mitatu kulipa kodi.

Lewa alibeba magunia bandarini kila siku. Mwezi wa tatu haujaisha, alibisha hodi kwa Mzee Mbwana na kodi yote mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee akahesabu pesa, akampa risiti. "Mbona hukuniaga ulipoenda Rabai? Nilituma mtu mara tatu, akakuta kufuli."

"Nilidhani wataka kodi tu, si habari zangu."

"Kortini nilisikia ulikuwa ukimuuguza mama. Hajambo?"

"Sasa anatembea."

"Alhamdulillahi. Basi usinipite tena, Lewa. Hata mwezi ambao huna kitu mkononi, njoo tuzungumze."