Kaniki Kinywani mwa Mbwa

Mtu akikukataza kucheka, muulize ni mpaka lini. Asenath hakuuliza. Ndiyo maana siku ile ya soko, mwaka wa 1956, alifika kivukoni Garsen akiwa na miaka thelathini na mmoja tu, lakini uso ulikuwa wa bibi wa sabini.

Alivaa kaniki ya msiba, imefungwa kifuani, pindo limeoza kwa tope la mtoni. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwako mbwa wa rangi ya mchanga aitwaye Kiroboto. Pantoni ilikwisha kujaa: mbuzi, mikungu ya ndizi, lori moja la kwenda Lamu, wanawake wa Kiorma na vibuyu vyao vya maziwa, wakivuta nguo zao zisiguswe na mbwa. Kiroboto akakaza miguu yote minne. Hapandi.

"Bibi we, mwache aogelee!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Mamba leo watakula chakula cha sikukuu!"

Asenath akamchapa mbwa kwa ufito. Mbwa akalala chini, akafumba macho kama anayengoja azikwe.

Miongoni mwa watu waliovuta kamba ya pantoni mmoja akaiachia, akashuka. Alikuwa mrefu, kifua wazi kinang'aa jasho, kaptura ya kaki imepigwa pasi, na kichwani kofia kuukuu ya polisi isiyo na beji. Jina lake Godhana.

"Bibi, huyo hakatai pantoni. Anakukataa wewe."

"Na wewe nani? Mganga wa mbwa?"

"Niliwahi kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nipe kamba."

Akaifungua kamba shingoni mwa mbwa, akaitupa. Akachuchumaa, akajipiga mapaja, akampa mbwa mgongo, akakimbia kuelekea pantoni ameinama kama mtoto aliyeiba muwa. Mwanamume mzima! Kiroboto akainua sikio moja, kisha la pili, kisha akaruka akamfuata. Watu wakaangua kicheko.

Kicheko kikampanda Asenath pia mpaka kooni. Akakiziba kwa upindo wa kaniki. Kijijini kwao mjane hacheki mbele za watu mpaka mama wa marehemu amvue kaniki kwa mikono yake mwenyewe. Enos, mumewe, alikufa kwa homa, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Mama mkwe wake, Tamar, alikuwa hajaivua.

"Unampeleka wapi?" Godhana aliuliza pantoni ilipoanza kusogea.

"Ng'ambo. Nataka kumbadilisha na mbwa wa wafugaji, mwenye meno. Huyu analala tu, na nyani wanayamaliza mahindi yangu."

"Wapigie kelele."

"Nyani hamwogopi mwanamke, bwana. Nikipiga kelele wananitazama kama wako kanisani wanasikiliza mahubiri."

Godhana akacheka. Asenath hakucheka. "Unaona mchezo," akasema. "Wazee wamenipa msimu huu mmoja. Mahindi yakifika ghalani, nakaa kwangu. Yakiliwa, naingia nyumbani kwa shemeji yangu Buya, niwe mke wa pili. Na Buya hajaoa mtu kwa kumpenda. Analipenda shamba."

Godhana akamtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa. "Usimbadilishe. Alhamisi sina zamu. Nitakuja."

Kutoka kivukoni hadi shambani ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi, na alikuja kweli. Akasimama katikati ya mistari ya mahindi, akasema, "Haya, kimbia."

"Nikimbie niende wapi?"

"Popote. Piga vigelegele. Anguka. Mfanye mbwa aone kwamba hapa ulipo ndipo penye raha."

"Mimi mtu mzima, Bwana Godhana."

"Mbwa hajui utu uzima. Anajua raha na woga. Mwenye woga halindi shamba, analala."

Asenath akakimbia hatua nne, mikono imebana mbavuni. Kiroboto akapiga miayo.

"Bi Asenath, hata mimi ningelala."

"Basi kimbia wewe, si ndiyo kazi yako!"

"Nikikimbia mimi atalinda shamba la nani?"

Godhana akaomba kitambaa cha mbwa kuvuta, chenye harufu ya mwenye shamba. Asenath hakuwa na kitu. Pindo la kaniki lilikuwa limening'inia. Akalichana bila kufikiri, kipande cha urefu wa mkono, akakiburuta ardhini. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo hakuliona. Mbwa alikirukia. Akavuta, Asenath akavuta, wakazungushana, kisigino kikateleza, pwaa! akakaa topeni. Kiroboto akamkanyaga kifuani, akamlamba masikio.

Asenath akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, mpaka ndege wakaruka mtini. Godhana alisimama ameshika kofia mkononi.

"Unanitazamia nini?"

"Sijasikia mtu anacheka hivyo miaka mitatu."

"Na wewe ulinyamaza kwa msiba gani?"

Hakujibu siku hiyo. Alijibu Alhamisi ya tatu, wamekaa chini ya dungu la kulindia shamba wanakula mihogo ya kuchoma. Alikuwa askari wa mbwa huko Nairobi. Alimlea mbwa mmoja kwa mchezo mtupu: kukimbiza, kutafuta, kuleta. Kisha ikaja Hali ya Hatari, Wazungu wakipigana na wapigania uhuru. Wakaamriwa waingie msituni kuwatafuta watu.

"Nilimwachia kama nilivyoamriwa. Akarudi na mkono wa shati, una damu. Akauweka miguuni pangu, anatikisa mkia." Godhana alitema ganda la muhogo. "Alidhani tumecheza, Asenath. Nikaacha kazi. Sikucheza tena na mbwa mpaka siku ile kivukoni."

"Kwa nini siku ile?"

"Kwa sababu wewe na mbwa wako mlikuwa mmefungwa kamba moja, na hakuna aliyekuwa akimvuta mwenzake."

Asenath akamrushia kipande cha muhogo. "Kula, Bwana Polisi. Maneno matamu hayashibishi."

"Nikishiba nitasema matamu zaidi."

"Mtu huyu! Nani amekupa ruhusa?"

"Mbwa."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoingia, kwa utani. Mahindi yakatoa mbelewele, Kiroboto akajifunza: Asenath akipiga vigelegele na kukimbia, naye hukimbia mbele, akibweka kama mbwa kumi. Nyani wakahamia mashamba mengine.

Lakini mbwa mwenye furaha hajui kufunga siri. Asubuhi moja Kiroboto alikibeba kile kipande cha kaniki, akapita nacho kijiji kizima, akaingia kwa mama Tamar aliyekuwa akipepeta mchele. Akakiweka miguuni pake, akainamisha kifua, akatikisa mkia. Njoo tuvute.

Tamar alikitambua. Ungo ukamponyoka. Buya, aliyekuwa akipita, ndiye aliyekiokota.

"Nguo ya msiba wa kaka yangu! Kinywani mwa mbwa! Mama, umeona? Na yule mvuta kamba wa Garsen kila Alhamisi yuko shambani, wanaviringishana!"

Kuchana kaniki kabla ya kuvuliwa ni kumwambia marehemu hukuwa mume. Wazee wakaamua: Asenath akae uani kwa mama mkwe wake, asitoke, mpaka wakutane tena. Siku nane au tisa. Buya akajitolea kulinda mahindi. Alilinda kwa kulala dunguni.

Tena Buya akaenda kivukoni, Kiroboto kamba shingoni.

"Asenath amekuachia mbwa huyu. Anasema umemfanya mchezo, sasa kijiji kizima kinamcheka. Usikanyage tena kwake."

"Amesema kwa kinywa chake?"

"Ulitaka aje mwenyewe na kaniki iliyochanika?"

Godhana akapokea kamba. Hakuuliza zaidi. Na Buya aliporudi alimwambia Asenath uani, "Nimempa mbwa, amefurahi. Hata hali yako hakuuliza."

Asenath naye hakuuliza zaidi. Jamani wanangu, tazameni! Watu wawili waliofundishana kucheka, na sasa mdomo wa Buya ndio daraja lao la pekee. Siku zikapita. Ua ule ulikuwa wa matete, mtoto angeweza kuuangusha, lakini Asenath alikaa ndani yake kama aliyejengewa ukuta wa mawe. Alitwanga, alifagia, alimkandia mama mkwe magoti. Mchana alisikia nyani wakibweka upande wa shamba lake, akahesabu mistari kwa masikio. Leo wako wa tatu. Leo wako wa saba.

Tamar alimsikia akihesabu.

Siku ya tisa, ikawa Alhamisi, sauti ikasema nje ya matete, "Hodi. Bi Asenath."

Moyo ukaruka, ulimi ukauma. "Umefuata nini? Umesahau kitu cha mbwa?"

"Nimekuja kuuliza."

"Siku tisa! Ulikuwa unalitunga swali?"

"Nilikuwa natii. Nimetii amri miaka kumi bila kuuliza, na unajua zilinifikisha wapi. Hii moja nimesema nitaiuliza. Ulisema nimekufanya mchezo?"

"Mimi?" Asenath akasogea mpaka pua ikagusa matete. "Nimeambiwa ulifurahi kupewa mbwa, hali yangu hukuuliza!"

"Mbwa wako hajala siku nne. Mimi sijala mbili. Hiyo ndiyo furaha?"

"Mbona mbwa amekushinda?"

"Alianza kabla yangu."

Asenath akacheka na kulia kwa pamoja. Papo hapo nyani wakabweka shambani, wengi, kwa vishindo. Kiroboto nje ya ua akaanza kulia kama mtoto.

Mlango wa nyumba ukakwaruza. Tamar akatoka, amejifunga leso nyekundu, anashika kiuno.

"Kijana. Mbwa huyo aliniletea nguo ya mwanangu akitikisa mkia."

"Alitaka ucheze naye, mama. Hakukusudia ubaya."

"Najua," bibi alisema. "Hicho ndicho kilichoniuma. Enos alikuwa hivyo hivyo." Akamgeukia mkaza mwanawe. "Njoo hapa. Ilifaa nikuvue mwaka jana. Nilisema, nikimvua ataondoka, nami nitabaki na nani? Nikakufunga wewe ili nisiwe peke yangu."

"Mama..."

"Nyamaza, usinilize mapema." Akalifungua fundo la kaniki, akamfunga leso yake mwenyewe, yeye akabaki na gauni la ndani. Kaniki akampa mkononi. "Si mbwa anaipenda? Mpe. Kimbia, mwanangu."

Shambani walikuta watu. Buya alikuwa amewaita wazee waje waone hasara. Wamejipanga kwenye tuta na fimbo zao, na mbele yao nyani thelathini wamekaa kwenye mahindi, wanamenya bila haraka.

"Njooni muone ulinzi wa mwanamke!" Buya alisema.

Asenath akasimama. Macho yote yalikuwa kwake, na leso nyekundu mwilini ilimuunguza kama moto. Kukimbia mbele ya wazee, kuruka, kupiga kelele kama msichana? Kiroboto alimtazama. Mkia ulikuwa chini. Aliona woga wake.

"Usiwatazame wao," Godhana alinong'ona. "Mtazame yeye."

Akaitupa hewani kaniki, akapiga kigelegele, akakimbia. Akaanguka, akainuka na tope usoni, akacheka kwa sauti, akaiburuta kaniki kati ya mistari, na mbwa akampita kama mshale, anabweka, anaruka. Nyani wakubwa waliduwaa. Mwanamke wa namna hiyo hawakupata kumwona. Dume mmoja akatupa gunzi, akageuka, na wote wakaporomoka mtoni mpaka ng'ambo.

Nusu ya mahindi ilikuwa imekwenda. Wazee walishauriana. "Nusu si msimu mzima," mkubwa wao akasema.

"Na ulinzi wa hizi siku tisa ulikuwa wa nani?" Tamar alikuwa amefika, anahema. "Kaniki nimeivua mimi mwenyewe. Asiye na kaniki si mjane, na asiye mjane harithiwi na shemeji. Nani kati yenu atanifundisha mila ya mwanangu?"

Wazee wakaamua hivi: Asenath yuko huru, avune kilichobaki. Lakini asiyekuwa mjane wa ukoo hana shamba la ukoo. Shamba ni la Buya.

Miaka kumi na miwili ya jembe ikaondoka kwa sentensi moja. Asenath alivuna wiki nzima. Nusu ya ghala alimwachia Tamar, ambaye alikataa kuhama naye. "Nimwachie nani kaburi la Enos?" alisema, akaingia ndani, asionekane analia.

Godhana alimkuta Asenath ukingoni mwa mto, amekaa juu ya gunia lake, mbwa miguuni.

"Sina shamba la kukupa," alisema. "Nina chumba kimoja Garsen, cha udongo, na kazi ya kuvuta kamba. Ukinikubali, nitakuja na wazee wangu kwa mama Tamar, si kwa Buya."

"Nimetoka kufungwa juzi, Godhana."

"Najua."

"Nikija kwako, mlango utakuwaje?"

"Sina mlango. Nimetundika gunia."

Asenath akafikiri sana, uso mkavu kabisa, mpaka Godhana akaanza kuikunja kofia yake.

"Tengeneza mlango," akasema. "Mvua inakuja. Lakini komeo uliweke chini, nilifungue mwenyewe hata nikiwa nimebeba mtoto."