Hina ya Mkono wa Kushoto

Haya yalimpata shangazi yangu Abdia, na msiniambie habari za ndoto, kwa sababu nilikuwepo na macho yangu yalikuwa wazi.

Shangazi ndiye mpakaji hina anayetegemewa Garsen. Majani anatwanga mwenyewe, anachanganya na ndimu, sukari na matone ya mafuta ya mkaratusi, basi. Piko, ile rangi nyeusi ya nywele wanayoililia mabibi harusi wa siku hizi, haingii kwake tangu alipoona msichana mmoja akitoka malengelenge mikono yote. Hata hina ya majani humtia mtu nukta moja nyuma ya sikio kwanza, asubiri hadi kesho aone kama ngozi itawasha. Nilikuwa nikimcheka. Unapaka maua, namwambia, huchanji ng'ombe.

Alhamisi moja ya Februari alimpaka Nuria, binti yake wa pekee, aliyekuwa anaolewa Jumamosi na Liban wa Bangale. Nukta ilikuwa imekaa salama. Nyumba ilijaa wanawake, wetu na wa upande wa bwana harusi, na kufikia adhuhuri hina ilikuwa imekauka. Kwetu magamba ya hina ya bibi harusi hayafagiliwi na takataka. Mtu wa karibu huyabandua, akayafunga kitambaani na kuyatupa mtoni. Mkono wa kulia niliubandua mimi. Wa kushoto aliubandua mama mmoja mrefu, mpole, mwenye mtandio wa kijani. Sisi tulidhani ni wa kwao. Wao walidhani ni wa kwetu. Hakuna aliyemwona akitoka na yale magamba.

Ijumaa asubuhi mkono wa kulia ulikuwa umeiva, mwekundu wa kukolea. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Shangazi akaupaka tena, tukasubiri, tukabandua. Mtupu vilevile, na sasa ulikuwa baridi. Tukampeleka zahanati. Nesi akaugusa kwa ncha ya sindano, na Nuria hakuhisi kitu.

Alasiri rangi ikaanza kutoka. Tukafurahi. Kisha tukaona si maua. Vilikuwa vidole. Vitano, virefu, vimezunguka kifundo cha mkono wake.

"Mama," Nuria akanong'ona, "ananivuta."

"Nani?"

"Simjui. Huko mlangoni."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini mkono wa Nuria ulikuwa umenyooka kuelekea huko, na si yeye aliyeunyoosha.

Sijawahi kuogopa vile. Nilitaka kukimbia. Shangazi hakukimbia. Alichota hina bakulini, akaipaka kiganja chake chote cha kulia, akasema bismillahi, akakishika kile kifundo palepale juu ya vile vidole.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema kwa sauti ndogo, na hakuwa akisema na Nuria. "Ukitaka kushika, shika mimi."

Akakaa hivyo mpaka magharibi. Hakunywa maji. Mara mbili alivutwa mpaka mkeka ukasogea. Nilimkumbatia kiuno, nikafumba macho.

Adhana ilipokwisha, mkono wa Nuria ulianguka pajani. Akalia kwamba unamuuma, na sisi tukalia kwa furaha. Vidole vilikuwa vimetoweka. Jumamosi akaolewa, mkono mmoja una maua na mwingine hauna. Watu wakasema ni fasheni.

Hina hukaa ngozini wiki mbili, zikizidi tatu. Sasa ni Agosti. Nuria yuko Bangale, mzima, ana mimba ya miezi mitano. Mama yake humpigia simu kila jioni kumuuliza habari za mkono. Wa kwake yeye haulizwi.

Siku hizi shangazi anapaka wateja kwa mkono wa kushoto. Wakiona wekundu kwenye kifundo chake cha kulia, ambao ameuzungushia maua, wanausifu na kutaka wapakwe hivyohivyo. Anacheka nao.

Jumapili nilimsaidia kuvaa, kwa kuwa mkono ule hauinuki tena. Vidole vimepanda mpaka begani. Nilivihesabu, vitano. Halafu nikaona vingine, bado vibichi, vinaanza shingoni.

Nilipiga kelele. Akaniziba mdomo.

"Usimwambie Nuria," akaninong'oneza.