Hotuba Niliyoisomea Kaburini

Jioni ile nilikwenda Masaki, ile ya Kisarawe, kwa jambo dogo tu, kumwaga unga. Harusi ya binti yangu Hajra ilikuwa kesho yake, kwangu Visiga, na dada yangu Tatu alikuwa hanipi pumzi. Kwetu mtoto haolewi mpaka mzazi aliyekufa apewe habari. Unabeba unga wa mtama na maji, unamwaga kaburini, unasema nani anaolewa na nani, basi.

"Habari tu, Mwinyimadi," alinionya. "Ukimaliza nyamaza, uondoke."

Mfukoni nilikuwa na hotuba yangu. Wiki nzima nilikuwa naiandika na kuifuta. Hajra alitaka mjomba wake ndiye aongee, nikagoma. Baba niko hai, halafu mtu mwingine ashike maiki mbele ya wakwe? Nilitaka, mara moja tu katika maisha yangu, watu wamsikie yule mtoto akiitwa wangu.

Bodaboda alinisubiri barabarani, nikaingia kwenye mikorosho. Kaburi la Mwanajuma, mama yake Hajra, lilikuwa limefagiliwa. Nikamwaga unga na maji. Nikasema Hajra anaolewa na Husseini wa Pangani. Kazi ikaisha.

Ningeondoka, yangeishia hapo. Lakini palikuwa kimya, na nyumbani nilikosa mahali pa kufanyia mazoezi bila kuchekwa. Nikatoa karatasi.

"Ndugu wageni waalikwa, binti huyu nimemlea peke yangu..."

"Rudia."

Sauti ya mwanamke. Ndogo, ya kunong'ona.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Ila kulikuwa na harufu... maganda ya korosho yanayoungua, moshi ule unaowasha macho. Na moto sikuuona popote.

Harufu ile naijua. Hajra akiwa na miaka mitatu nilimpa Mwanajuma talaka, nikamrudisha kwao Masaki na mtoto mgongoni. Akawa anachoma korosho, anabangua, anauza barabarani, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Shule yote ya Hajra imetoka kwenye vidole hivyo. Mama alipokufa, mtoto alikuwa kidato cha nne. Mimi nilikaa naye miaka miwili tu, na hiyo miwili yenyewe alikuwa ananisalimia, hanisemeshi.

Nilitaka kunyamaza. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Binti huyu nimemlea peke yangu..."

"Rudia."

Safari hii sikioni. Pumzi ilikuwa ya moto.

Nikasoma mara ya tatu. Nikangoja... Kimya.

Halafu nikalisikia lile "Rudia", likitoka kooni mwangu.

Nilikimbia hadi barabarani. Kwenye taa ya pikipiki nikaitazama karatasi. Juu ya "peke yangu" palikuwa na alama ya kidole, nyeusi, yenye mafuta.

Sikumwambia Tatu, maana ningelazimika kumweleza nilichosoma. Nilipofika nyumbani niliichana karatasi ile, nikaandika nyingine. Maneno yaleyale. Ndivyo nilivyo.

Kesho yake wakaniita mbele, nikashika maiki. Nilipofungua mdomo, aliyeongea hakuwa mimi.

"Mwanangu," alisema Mwanajuma kwa ulimi wangu, "njoo, nimekuwekea zilizopasuka."

Nani alijua maana yake? Hajra peke yake. Korosho zilizopasuka hazikuuzwa, alikuwa anawekewa yeye kwenye kikombe cha bati, ale akitoka shule. Aliinuka na shela lake, akanikumbatia mbele ya wakwe wote. Katika maisha yake hakuwahi kunikumbatia.

"Mama," alisema.

Shehe alinisomea, sauti yangu ikarudi. Tatu anaamini nilimuudhi marehemu. Mganga mmoja wa Kisarawe alinitazama, akasema kwangu haoni kitu. Sijui nimwamini nani. Ila kuna siku naamka vidole vinanuka moshi.

Hajra ananipigia simu kila Ijumaa. Shikamoo baba, marahaba, hajambo mumeo, hajambo. Kisha anashusha sauti.

"Baba, mpishe mama aongee."

Na mimi, kwa kuwa najua siku nikikataa hatanipigia tena, nampisha.