Meza ya Saba

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga huanza kuuliza habari za radi na wachawi. Wasinichoshe. Ofisini kwetu Chanji hakuingia mchawi. Aliingia Edwin, mtoto wa shangazi yangu, na kompyuta yake na mdomo wake.

Kazi yetu ni kupokea simu za wajawazito na wagonjwa wa vijijini na kuwatumia gari. Seva, mashine inayogawa simu kwa meza zetu, ilikuwa nzito mno. Kila simu ikiingia, iliuliza kwanza meza moja moja: upo? Isiyojibu inarukwa, na mgonjwa huko anasubiri. Edwin akaitwa aiharakishe. Alitutazama kama kuku walioingia sebuleni.

Dawa yake ilikuwa kashe, yaani kumbukumbu ya muda. Kila tukio, simu imepokelewa, imekatwa, meza fulani iko tayari, mashine ilishike na kuliamini, isiulize tena mpaka tukio jingine lije kulifuta. Wazo si baya, hata mimi nakubali. Ubaya ulikuwa wa mwenye wazo.

Meza ya saba ilikuwa ya Josefina, mama aliyesumbuliwa na sikio na kujipaka dawa ya kuchua kila asubuhi kabla ya kuvaa hedifoni. Aliugua akiwa zamuni, akatolewa ameshikiliwa, akafa njiani kabla meza yake haijafungwa kwenye mashine. Tulichomoa waya wa simu yake na kutandika khanga yake kitini. Hakuna aliyekalia. Ndugu zake wangekuja Jumamosi, matanga yakishaanuliwa, waombe na kulitoa jina lake kwenye mashine. Mama Coleta, msimamizi wetu, alimwomba Edwin asubiri siku hiyo ipite kwanza.

"Mama, kompyuta haikai matanga," alisema Edwin, akacheka peke yake.

Wakubwa walikuwa wanakuja Alhamisi na yeye alitaka makofi. Akamimina kwenye kashe tukio la mwisho la kila meza. La Josefina lilisema yuko tayari, na Edwin hakuhangaika kulitazama.

Na huyu ni mtu ambaye mke wake, Jenifa, alikuwa kijijini Kaoze kwa mama yake, maana mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwao. Siku zake zilikuwa zimetimia. Mtu mwenye akili angeijaribu kazi yake mara mbili. Edwin alijisifu tu kwamba Jenifa akipiga, atapokelewa kabla hajashusha pumzi.

Alhamisi simu zilipokelewa haraka kweli. Wakubwa wakapiga makofi, wakanywa soda, wakaondoka. Jua lilikuwa utosini.

Ndipo nikaona meza ya saba kwenye skrini imegeuka kijani. Inaongea. Nikatazama kiti. Khanga ilikuwa palepale. Waya ulikuwa umeviringwa sakafuni.

Nikamwita Edwin. Akasonya, akaniambia ni tukio la zamani limekwama, niwaachie wataalamu mambo yao. Akabonyeza alifute. Likakataa. Akafungua asome namba ya mpigaji. Ilikuwa namba ya Jenifa.

Akabonyeza kusikiliza. Sote tulisikia. Mwanamke anahema kwa uchungu. Kisha sauti ya pili, ya chini, sauti tuliyoijua.

"Tulia, mwanangu. Usinyanyuke. Gari limeshafika Muze."

Muze ni njiani kwenda Kaoze, lakini hakuna gari lililokuwa limetoka.

"Ndivyo Josefina alivyokuwa anawaambia wagonjwa," alinong'ona Mama Coleta, akafanya ishara ya msalaba.

Edwin akampigia mkewe. Simu inatumika. Akampigia mama mkwe. Hapatikani. Tukalitoa gari mbio, lakini kuteremka mlima wa Lyamba mpaka bondeni si mchezo, na Kaoze bado iko mbele. Edwin akachomoa umeme wa seva. Skrini zote zikazimika. Sauti haikuzimika.

Dereva alimkuta Jenifa kitandani, uso umetulia, simu sikioni. Mama yake alisema majirani walileta pikipiki ya kumpeleka zahanati. Jenifa alikataa. Alikuwa ameambiwa asinyanyuke, gari liko Muze. Alikufa na mtoto wake tumboni.

Jumamosi ndugu wa Josefina walikuja, wakaomba. Seva ikawashwa ili jina litolewe. Meza ya saba ikatokea. Inaongea. Namba ni ya Jenifa. Simu yenyewe ya Jenifa, aliyoileta dereva, ilikuwa mkobani mwa Mama Coleta, betri imetolewa. Tukio la kukatwa kwa simu ile halijaja mpaka leo.

Mama Coleta alitaka seva itupwe. Edwin, yule wa kompyuta haikai matanga, alipiga magoti mbele yetu sote akaomba iachwe. Anashinda kwenye meza ile akisikiliza. Anasema nyuma ya sauti ya Josefina kuna kichanga kinalia. Bado namdharau, sifichi. Aliombwa asubiri Jumamosi tu.

Jana alipotoka kwenda kula nyumbani, niliiendea ile hedifoni ya Josefina. Edwin haigusi. Hutumia yake. Tangu msiba ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, nikasema niifute vumbi.

Haikuwa na vumbi. Sponji lilikuwa na dawa ya kuchua, mbichi, na lilikuwa na joto.